Shukrani Haikamiliki Bila Jina

Kwetu pwani, shukrani huanza kwa kumtaja mwenye hisani kwa jina lake. Nililiwaza hilo Iringa, katika makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola: mawe safu kwa safu, majina yamechongwa, majani yamefyekwa. Waama ni kazi njema.

Lakini mwaka 1916 jeshi la Jenerali Northey lilipotoka Nyasaland, likapanda nyanda za Mbeya ya leo hata likaitwaa Iringa mwezi wa Agosti, unga na risasi havikujiendea. Vilibebwa na wapagazi. Wengi wao hawakuuawa kwa bunduki. Waliuawa na njaa, baridi na kuhara, wakaachwa kandokando ya njia pasi na jiwe.

Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, uliozinduliwa mwaka 1927, huwasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Mimi mfasiri naiona sifa hiyo tamu kwa kila lugha. Ila miguu haina jina, wala mikono haina.

Wapagazi hao hatuwezi tena kuwauliza. Waliopigana Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, tunaweza. Wangalipo wazee wao Mbeya na Iringa. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, taifa huweka mkuki, ngao na mashada ya maua. Ni heshima kubwa. Nasi watunzi tuna letu: tumwendee mzee, tumwamkie, tumuulize jina lake na ya wenziwe wasiorejea, kisha tuyatie katika beti yeye akiwa hai ayasikie.