Wacha Mtu Arudi

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjanisemea: video yangu iliyotazamwa zaidi mwaka jana ilikuwa ya kumcheka mtu. Jamaa wa hapa hapa Garissa. Zamani alikuwa anaimba kwenye harusi, watu wanamtuza noti. Baadaye vidonge vikamshika. Nikamkuta amelala kando ya duka karibu na Soko Mugdi, saa saba mchana, jua kali, nikatoa simu. Nikaweka wimbo wa harusi juu yake. Watu elfu arobaini wakaona.

Sasa juzi habaryar wangu alikuwa anapika huku anasikiliza nyimbo za zamani, ikaingia ya Ray C. Akaniuliza, "Huyu msichana aliishia wapi?" Nikaanza kutafuta, na nikaacha kucheka.

Kwa wale mliozaliwa juzi: Ray C ni Rehema Chalamila, mzaliwa wa Iringa. Alianza kama mtangazaji wa redio, halafu 2003 akatoa albamu yake, Mapenzi Yangu. Walimwita "kiuno bila mfupa". Habaryar anasema hata huku kwetu, ambapo msichana hachezi ovyo mbele ya watu, wao walifunga mlango wakajaribu kile kiuno. Hakuna aliyeweza.

Kisha akaingia kwenye heroini. Staa mkubwa Bongo, jina likageuka hadithi ya mtaani. Mwaka 2012 Rais Kikwete akamsaidia kupata matibabu, na yeye akaenda Ikulu kumshukuru. Magazeti yote yakafurahi. Ray C karudi! Akaanzisha hata taasisi ya kusaidia waathirika wengine wa dawa za kulevya.

Lakini 2016 akaanguka tena, na video zikasambaa akiwa na hali mbaya sana. Hapo ndipo watu wakasema, "Si tulijua? Alikuwa anaigiza tu."

Hapo sikubali. Uraibu ni ugonjwa, na ugonjwa unaweza kurudi. Tanzania ilianza kutoa methadone pale Muhimbili mwaka 2011, na mgonjwa anaenda kunywa dawa kila siku, mbele ya mhudumu, kwa miezi, hata miaka. Kila siku, msee! Hiyo si kuigiza. Mtu akianguka mara ya pili haimaanishi mara ya kwanza alidanganya. Na Ray C alisimama tena, akarudi kuimba.

Kuna Mjapani mmoja, Minami Minegishi, wa kundi la AKB48. Januari 2013 gazeti lilimnasa akitoka nyumbani kwa mwanamume. Basi, kosa lake lilikuwa hilo tu. Akanyoa nywele zote, akajirekodi akilia, akiomba asifukuzwe. Akashushwa cheo, na baada ya miezi michache akapandishwa tena. Yaani dunia nzima tuko sawa: tunapenda kuona mtu akilia. Akianza tu kufanya kazi yake tena, tunamkumbusha kilio.

Na mimi ndiye nilimkumbusha huyu wa kwetu. Aliacha vidonge, akaanza kutafuta kazi ya kuimba. Familia moja ilikuwa imekubali, mpaka mtu akawaonyesha video yangu. Wakamtoa.

Niliifuta. Lakini ukifuta kitu kwako, kinabaki kwenye simu za watu. Nikamtafuta nikamwomba msamaha, na nikamwambia tufanye video mpya, aeleze vile amebadilika. Aliniangalia, akasema, "Walaal, wewe ulinirekodi siku moja. Nimekaa miezi minane bila kumeza kitu, na hiyo hakuna aliyeirekodi. Sitaki video. Nataka kazi."

Nilinyamaza. Mimi niliacha chuo, najua vile watu wanakuangalia sokoni kama kwamba maisha yako yaliisha siku ile. Lakini mimi hakuna aliyenirekodi nikirudi na mabegi yangu.

Kwa hivyo ukiwa na ile video, ifute. Usinitumie komenti ya kunisifu, ifute tu.

Binamu yangu anaolewa baada ya Idd. Nimemwambia habaryar ni nani anafaa kuimba. Bado hajakubali. Leo jioni namuuliza tena.