Glasi Mkononi, Macho Jukwaani

Wapo wanaoamini kwamba mvinyo ukiingia ukumbini, sanaa hutokea mlango wa nyuma. Wapo na wengine wanaoona kuwa bila glasi mkononi hiyo si tamthilia, ni mahafali ya shule. Kundi letu lilipobishana juu ya jambo hilo, wiki tatu kabla ya onyesho, mimi nilikuwa upande wa glasi. Na sababu ninazo, ndugu msomaji.

Tamthilia ya Kigiriki ilikulia katika sikukuu ya Dionysos, mungu wa mvinyo. Watu wa Athens walikaa kwenye mteremko chini ya Akropolis tangu asubuhi, wakitazama tanzia na vichekesho vikishindana. Philochoros, mwanahistoria wao, ameacha habari kwamba watazamaji walimiminiwa mvinyo muda wote wa mashindano, na waimbaji wa kwaya nao walipewa walipoingia na walipotoka. Ila Wagiriki waliuchanganya mvinyo na maji. Aliyeunywa mtupu walimwona mshenzi. Hilo la maji wengi wetu hatupendi kulikumbuka!

Hapa kwetu nako jukwaa na chupa ni majirani wa siku nyingi. Miaka ya 1980 na 1990, vikundi kama Muungano, na baadaye Tanzania One Theatre iliyoanza 1992, vilijaza kumbi za baa za Dar es Salaam kwa ngoma, vichekesho, sarakasi na taarab, vyote katika usiku mmoja. Wasomi wa sanaa walinung'unika, na walikuwa na hoja: mwigizaji anayeshindana na kelele za chupa hupandisha sauti, hufupisha mchezo, hutafuta kicheko cha haraka. Lakini watu walijaa, jamani. Nani kati yetu leo anajaza?

Basi nikaja na mpango wangu. Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mvinyo wa nyumbani upo. Igizo letu lilimhusu binti anayerudi kwao kwenye msiba wa baba na kukuta mama hasemi naye. Kwa mchezo wa namna hiyo nilitaka mvinyo mwekundu mkavu, wenye ule ukakasi unaokausha ulimi na kumfanya mtu anyamaze kidogo. Mtamu ungefaa vichekesho. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano. Glasi moja kwa mtu, wakati wa mapumziko, basi. Muuzaji mmoja alikubali kutulipia ukumbi na taa, mradi meza yake ikae mlangoni. Mshiko huo hatukuwa nao sisi.

Ndipo dada anayecheza nafasi ya binti akasema, taratibu tu, "Mama yangu anakuja."

Tukanyamaza. Mama yake ni mtu wa swala tano, na katika miaka minne hajawahi kumwona mwanawe jukwaani. "Akiikuta hiyo meza mlangoni, anageuza. Na hatarudi tena."

Mshikaji mmoja akamjibu kwamba sanaa haiwezi kumsubiri mama wa kila mtu. Mwingine akasema taa tutazitoa wapi, mfukoni mwa nani? Mimi nilikuwa nikiwaza *Wabakhai* wa Euripides, iliyochezwa mwaka 405 K.K. Humo Agave, akiwa amepagawa na nguvu za Dionysos, anamrarua mwanawe wa kuzaa akidhani ni simba. Mungu yule wa mvinyo ndiye aliyewafanya mama na mwana wasitambuane. Na hawa wetu, wa Ilala, walikuwa ndiyo kwanza wanataka kutambuana.

Tulipiga kura, mikono juu. Meza ikaondoka, na muuzaji akaondoka na fedha zake. Tukahamia ua wa jirani, tukacheza saa kumi alasiri kwa mwanga wa jua, watazamaji kwenye mikeka na mabenchi ya kuazima. Wakati wa mapumziko tuligawa ukwaju uliotiwa tangawizi. Nao una ukakasi wake, na watu walinyamaza vilevile.

Mama alikaa benchi la pili, ushungi umembana uso. Binti wa mchezo alipopiga magoti mbele ya mama wa mchezo, sikutazama jukwaa, nilimtazama yeye. Hakulia. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili mpaka mwisho.

Tulipomwamkia baadaye aliitikia "Marahaba," kisha akamgeukia mwanawe. "Kumbe ndiyo haya yanayokuchelewesha usiku?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Twende, usiku unaingia. Utaniambia njiani yule mama kwa nini alinyamaza."

Bado niko upande wa glasi. Ila sasa, kabla ya kuchagua chupa, nauliza kwanza nani ataishia mlangoni.