Mpira wa Jumapili Asubuhi

Katika kila mji wetu wako wanaume ambao, ukiwauliza kazi yao, mmoja atakuambia ni karani, wa pili fundi cherehani, wa tatu mwalimu. Lakini ukikaa nao kwa muda wa saa moja tu utatambua kuwa nafsini mwao wangali winga wa kulia. Sisi tu miongoni mwa hao. Tumeona vema kuwaandikia walimu wenzetu habari za mpira tunaoucheza kila Jumapili hapa Kigali, maana mengi huandikwa juu ya vilabu vikubwa na mengi juu ya vijana wanaochipukia, ilhali wale walioachwa njiani kati ya ujana na klabu, ambao ndio wengi, hawana mwandishi.

Tulikuwa wanafunzi wa sekondari katika miaka ambayo mpira wa vijana ulipata heshima kubwa nchini Rwanda. Mwezi wa Januari 2009 nchi ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya Afrika ya vijana walio chini ya umri wa miaka 20, na kombe likachukuliwa na Ghana. Miaka miwili baadaye, Januari 2011, tulikuwa wenyeji tena, safari hii wa walio chini ya miaka 17. Timu yetu ilifika fainali, ikafungwa 2-1 na Burkina Faso, lakini ilikwisha kujipatia nafasi katika Kombe la Dunia la umri huo lililochezwa Mexico mwaka huo huo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Rwanda kucheza Kombe la Dunia la daraja lolote. Huko ilifungwa na Uingereza na Uruguay, ikatoka sare tasa na Kanada, ikarudi nyumbani bila ya kufunga bao hata moja, na bado watoto wa mitaani walijiita kwa majina ya wachezaji wale.

Orodha ya wachezaji kwa mashindano ya namna ile huwa na majina 21. Atakaye kujua ukubwa wa jambo lenyewe na ahesabu shule za sekondari, kisha mitaa, kisha viwanja vya vumbi vilivyojaa vijana jioni ile ile ambayo majina 21 yalisomwa redioni. Hatusemi kwamba walionewa. Orodha haina budi kuwa na mwisho. Tunasema tu kwamba kijana akifika miaka kumi na minane au kumi na tisa bila ya kuchukuliwa na klabu, hakuna amwandikiaye barua ya kumwaga. Mwanafunzi akishindwa mtihani hupewa karatasi yenye alama zake. Mchezaji hupewa ahadi.

Baada ya hapo huja miaka ya ukimya: chuo, kazi, kodi ya nyumba, ndoa, watoto. Njumu hukauka chini ya kitanda mpaka siku moja mke huuliza kama zinaweza kutupwa. Aghalabu ni swali hilo ndilo humrudisha mtu uwanjani.

Uwanja wetu ni wa udongo mwekundu, kando ya shule, nao umeinama kama ilivyo ada ya viwanja vya mji uliojengwa juu ya vilima. Timu inayoshambulia kuelekea chini hupata mabao, na inayoshambulia kuelekea juu hupata kikohozi. Mpira ukitoka upande wa mashariki hubingirika hadi bondeni, na wako watoto wawili ambao kwa malipo ya andazi moja moja hutuletea. Tunaanza saa moja asubuhi. Jumapili mbili za kila mwezi barabara kuu hufungwa kwa magari, utaratibu ulioanzishwa mwaka 2016, na siku hizo baadhi yetu huja kwa kukimbia na kufika wakiwa wamekwisha kuchoka. Twatoa mchango kila mwezi kwa ajili ya mpira, maji na bandeji, na kwa hakika bandeji ndiyo hula fedha nyingi.

Mwili wa mtu mzima, ndugu zetu, ni mwanafunzi mkaidi. Jicho linaona nafasi kama lilivyoiona miaka kumi na mitano iliyopita, akili inatoa amri ile ile, na mguu unafika baada ya beki. Kijana akipigwa chenga hugeuka. Sisi hugeuka kwa hatua tatu, kama lori. Tumejifunza kupasha moto misuli kwa dakika 20 nzima kwa mazoezi yale yaliyotungwa na wataalamu wa FIFA na kuitwa 11+, na tangu tuanze hayo wanaochechemea Jumatatu shuleni wamepungua. Tumejifunza pia kubadilishana wachezaji kwa kutoka na kurudi, jambo ambalo sheria za mchezo huruhusu katika mpira wa wakongwe na wa ridhaa. Mtu hutoka, hukaa chini ya mti, hurudi akiwa na pumzi. Mpira wa watu wazima usio na kanuni hiyo ni ukatili.

Na sisi tulio walimu wa Kiswahili tunapata faida ya ziada pale uwanjani, nayo ni lugha. Timu yetu ni ya watu wa Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kilisikika mitaani mwake muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Kwa hiyo mchezaji huomba pasi kwa Kiswahili, hulalamika kwa Kinyarwanda na kutukana kwa Kifaransa. Kanzu, tobo, danadana na mtambaa wa panya yamevuka mpaka kutoka Tanzania pamoja na redio. Lakini tazameni na Kinyarwanda chenyewe. Mpira wa miguu ni umupira w'amaguru, na neno hilo hilo umupira ni sweta ya kujikinga na baridi. Mwamuzi ni umusifuzi, kutokana na neno la Kifaransa la kupiga filimbi. Mgeni kutoka pwani akilisikia hudhani kuna mtu amekuja kusifu, hali refa ndiye mtu wa mwisho kusifiwa duniani. Lango ni izamu, nalo ni zamu yetu ya Kiswahili, ile ya mlinzi wa usiku. Mlinda mlango ni umunyezamu, yaani mwenye zamu. Mshambuliaji ni rutahizamu, naye pia amebeba zamu hiyo mkiani mwa jina lake. Tumewahi kulitumia neno hili darasani kuonyesha jinsi neno linavyosafiri, na hatujapata kuona wanafunzi wakisikiliza maana za maneno kwa utulivu kama siku ile.

Sasa tuseme habari ya mwenzetu mmoja, mwalimu wa hisabati. Ujanani alikuwa mchezaji kweli kweli. Waliomwona wanasema mguu wake wa kushoto ulikuwa kama mkono. Aliitwa katika kambi ya vijana ya timu moja ya jijini, akakaa wiki tano, na siku mbili kabla ya orodha kusomwa kiongozi mmoja akamwambia, "Nenda nyumbani, tutakuita." Alikaa nyumbani miaka kumi na mmoja. Hakutazama mpira hata katika televisheni. Alipokuja kwetu mwaka 2021 alivaa soksi mpya na hakuzungumza na mtu; akapewa mpira, akawapita watatu, akafunga, kisha akasimama katikati ya uwanja kama aliyesahau njia. Kwa miezi mingi hakuwa akitoa pasi. Hatukumlaumu.

Mwaka 2023 ulikuwa mwaka wa mpira katika mtaa wetu. Mwezi wa Machi wajumbe wa FIFA walikutana Kigali, uwanja wa Nyamirambo ukapewa jina la Pelé, na wakubwa wakaingia uwanjani kucheza, miongoni mwao Rais Paul Kagame na Rais wa FIFA, Gianni Infantino. Watu wazima wote waliokuwa na jozi ya njumu walipata joto. Katika joto hilo ikatangazwa michuano ya mitaa na mahali pa kazi, na kila timu ikaruhusiwa kuongeza vijana watatu kutoka nje. Wenzetu wengine wakataka tuingie tushinde. Mwalimu wa hisabati ndiye aliyeshika kalamu. Aliandika kumi na mmoja, wakiwamo vijana watatu wa kuazimwa, na jina la fundi cherehani halikuwamo.

Yafaa kueleza kuwa fundi huyo, mzee wa miaka hamsini na mbili, ndiye aliyeianzisha timu. Hakupata kucheza mashindano yoyote ya vijana. Hajui kupiga mpira wa kichwa bila ya kufumba macho. Ila jezi zote zimeshonwa naye, na Jumapili yenye mvua ni yeye na watoto wa andazi tu wanaotangulia kufika. Alipouliza kwa upole kama kuna nafasi yake, mwalimu wa hisabati alimjibu, "Mzee, usijali, tutakuita."

Waliokuwapo walinyamaza. Hatujui kama msemaji aliyasikia maneno yake mwenyewe.

Tulijadiliana juma zima. Hoja za upande wa michuano hazikuwa za kipuuzi, nasi tunazitaja kwa haki: mtu aliyeachwa akiwa na miaka kumi na minane ana njaa ya kushinda jambo moja maishani, na kumwambia acheze kwa afya tu ni kumnywesha maji aliyeomba chakula. Upande wa pili ulisema kwamba njaa hiyo haishibi kwa kombe la mtaa, na kwamba timu yenye benchi la watu wasioingizwa uwanjani ni kambi ileile iliyotuumiza. Kura zilipigwa chini ya mti: kumi na wawili walikataa michuano, saba wakataka. Wale saba waliondoka na kuunda timu yao. Fundi aliwapa jezi saba zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi.

Walicheza vizuri. Katika mchezo wao wa pili mwalimu wa hisabati aligeuka kwa kasi ya miaka kumi na minane juu ya goti la miaka thelathini na mitatu, na kano ile ambayo madaktari huiita ya msalaba ikakatika. Mchezaji wa kulipwa mwenye daktari wake huhitaji miezi tisa au zaidi kurudi uwanjani. Mwalimu huhitaji pia kusimama ubaoni siku tano kwa wiki. Vijana wa kuazimwa walipata timu nyingine, na wale sita waliosalia wakarudi kwetu mmoja mmoja, wengine wakisingizia kuwa walikuwa safarini.

Yeye alikawia mwaka na zaidi. Alipokuja alikaa kwenye jiwe nyuma ya lango, na Jumapili tatu hakuombwa neno. Daktari alikuwa amemkataza kukimbia na kugeuka. Jumapili ya nne fundi alimwendea na glovu alizozishona kwa ngozi ya kiti cha basi, akamwambia maneno mawili tu: "Zamu yako."

Amekuwa mlinda mlango wetu tangu hapo. Hapendi kazi hiyo, naye husema hivyo kila wiki. Hupanga mabeki kwa sauti ya darasani, hupiga mpira mrefu kwa mguu wa kushoto hadi miguuni mwa winga, na mkewe ambaye zamani alizificha njumu sasa huja na watoto kutazama. Goti linapovimba, fundi huingia langoni, na hapo timu pinzani hufurahi sana.

Walimu wapitao Kigali na waje na njumu zao. Twaanza saa moja, na afikaye saa moja na robo hupewa upande wa kupanda mlima.