Ngwe Yako Ina Ukubwa Gani?

Mwezi Machi 2020, Serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, nilifungasha vitabu, kompyuta na rasimu za tasnifu za wanafunzi wangu, nikapanda basi kwenda kwetu Handeni. Niliwaambia wenzangu, kwa majivuno kidogo, kwamba kwangu ile ilikuwa neema. Hakuna vipindi, hakuna vikao, hakuna foleni za barabarani. Ningesoma rasimu zote, ningemaliza makala mawili yaliyokuwa yamelala kwa miaka, na pengine ningeanza kitabu. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni. Nilirudi na mkoba uleule, na rasimu nyingi zilikuwa bado hazijaguswa.

Mojawapo ya rasimu nilizopewa mwanzoni mwa Aprili ilikuwa ya mwalimu wa sekondari aliyekuwa akisoma shahada ya uzamili kwa mshahara wake mwenyewe. Aliniandikia mara tatu kwa adabu: "Shikamoo Daktari, naomba kukukumbusha." Mara zote tatu nilimjibu kwamba naendelea nayo. Sikuwa naendelea nayo. Nilipoirudisha, muda wa kuifikisha kwa watahini ulikuwa umekwisha. Wenzake walivaa majoho, yeye akangoja mwaka mzima na kutafuta ada nyingine. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na nadhani ndiyo sababu jambo lile linaniuma hadi leo.

Msomaji atauliza nilikuwa nikifanya nini. Swali ni la haki, maana nchi yetu haikuwekewa amri ya kutotoka nje kama walivyowekewa jirani zetu wa Kenya na Uganda. Nilikuwa huru, nina afya, nina meza chini ya mwembe. Siku mbili za kwanza nilizitumia kupanga meza hiyo na kupakua programu za simu za kunisaidia kupanga muda. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Baada ya hapo kila asubuhi nilifungua simu ili nisome habari za ugonjwa, jambo ambalo lilikuwa na sababu. Kutoka kwenye habari nilihamia kwenye video za wachambuzi, na kutoka hapo kwenye mechi za zamani, kwa kuwa ligi za huku na za Ulaya zilikuwa zimesimama. Nilitazama dakika 90 za michezo ambayo matokeo yake niliyajua. Jioni ilikuwa zamu ya tamthilia za Kituruki pamoja na jamaa wa nyumbani, na usiku nikaendelea peke yangu chini ya chandarua. Kifurushi cha intaneti nilichonunua kwa jina la kazi kilikwisha kabla ya wiki. Ajabu ni kwamba kila siku nililala nimechoka, kama mtu aliyefanya kazi kweli.

Katikati ya Mei mama alinituma nimpelekee kaka yake gunia la mahindi Korogwe. Ni safari ya kilomita 65 hivi kwa barabara ya lami. Mjomba sasa ni mzee, lakini ujanani alikata mkonge katika mashamba ya upande wa Ngombezi na Magunga. Baada ya salamu na chai aliniuliza: "Mpwa wangu, nasikia mmefungiwa chuo. Huko nyumbani unafanya kazi gani?"

"Kazi za chuo, Mjomba. Nakaa mezani tangu asubuhi hadi usiku."

"Kutwa nzima? Ngwe yako ina ukubwa gani?"

Sikuwa na jibu. Alinitazama kidogo, kisha akasema pasipo kejeli: "Basi hapo hufanyi kazi, Daktari. Unakaa mezani tu."

Siku hizi neno ngwe tunalisikia zaidi midomoni mwa wanasiasa wanapoomba "ngwe ya pili". Asili yake ni shambani: ni kipande kilichopimwa ambacho mtu amepewa alime. Katika mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kazi ilipimwa namna hiyohiyo. Mkataji alifunga majani mafungu ya 30, na akatakiwa kutimiza idadi fulani ya mafungu kwa siku. Akishaitimiza, mnyapara aliandika siku hiyo katika kadi yake, iliyoitwa kipande. Kipande kilipojaa siku 30 ndipo alipolipwa.

Sitaki nieleweke vibaya. Mfumo ule ulikuwa wa kinyonyaji. Manamba waliletwa kutoka mbali, kazi ilipangwa na mwenye shamba kwa faida yake, na asiyeitimiza siku hiyo alihesabiwa hakufanya kazi, hata kama mgongo wake ulishuhudia vingine. Mjomba hana hamu na siku zile. Hata hivyo aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulisoma katika vitabu vya historia ya uchumi: mkataji aliyetimiza kazi yake saa tano asubuhi alikuwa mtu huru tangu saa tano hiyo. Aliweza kwenda kulima shamba lake, kucheza bao au kulala, na hakuna aliyemdai.

Mimi, mwenye shahada tatu, sikuwahi kuwa huru hata kwa saa moja tangu Machi. Kazi yangu haikuwa na mpaka, kwa hiyo sikuweza kuianza wala kuimaliza. Na simu nayo haina mpaka. Tamthilia ya redioni enzi za utoto wetu ilikwisha, mkasubiri wiki ijayo. Mpira ulikwisha, watu wakarudi majumbani. Katika simu kipindi kimoja kikiisha, kingine huanza chenyewe bila kukuomba ruhusa, kwa kuwa aliyekitengeneza anapata faida kadiri unavyokawia. Ukiweka kazi isiyopimwa mbele ya burudani isiyopimwa, burudani itashinda, kwa kuwa yenyewe haimtaki mtu afikiri.

Usiku ule niliporudi Handeni nilichukua karatasi, nikaandika ngwe ya kesho yake: kurasa 20 za rasimu ya yule mwalimu, basi. Asubuhi nilimkabidhi mama simu yangu, naye akaiweka kabatini mwake. Nilimaliza saa nane mchana. Kesho yake nilifanya vivyo hivyo. Rasimu ilikuwa na kurasa 120, na ilinichukua siku sita. Kwa zaidi ya mwezi nilikuwa nikimwambia mtu "naendelea nayo", kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya siku sita. Lakini kwake yeye siku hizo sita zilikuja zimechelewa.

Niliendelea na utaratibu huo, na ninao hadi sasa. Ngwe ikiisha, naomba simu yangu na kutazama ninachotaka bila kujificha wala kujuta. Zipo siku ngwe haiishi: umeme umekatika, au jirani amefiwa. Nimejifunza kutoyachanganya mambo haya. Msiba, mgeni, na mtoto anayetaka kusaidiwa hesabu si vishawishi. Hayo ndiyo maisha ambayo kazi ipo kwa ajili yake.

Kuna jambo jingine nililiona nilipoanza kupima. Handeni inajulikana kwa shida ya maji. Wakati mimi nikilinda kurasa zangu 20 chini ya mwembe, mama na binamu yangu wa kike walikuwa kwenye foleni ya ndoo, kisha jikoni. Hakuna aliyewauliza kama wamemaliza ngwe yao, maana kazi ya nyumbani ya wanawake haikupewa mpaka, na jioni haimalizi. Utulivu wangu ulisimama juu ya ndoo zao. Tangu siku hiyo kuteka maji asubuhi kukawa sehemu ya ngwe yangu, ingawa wapo majirani waliocheka kumwona daktari wa falsafa na madumu mawili.

Ninyi mlio katika utumishi wa umma mnaweza kusema haya ni ya wahadhiri. Sidhani. Tangu mwaka 2004 Serikali ilianzisha Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, OPRAS, ili kila mtumishi akubaliane na mkuu wake juu ya kazi atakayopimwa kwayo. Mara ngapi fomu zile zilijazwa mwishoni mwa mwaka, kwa mkupuo mmoja, ilhali kipimo halisi cha kila siku kilikuwa sahihi katika daftari la mahudhurio? Anayesaini saa moja na nusu na kutazama simu hadi saa tisa na nusu anafanya ofisini yaleyale niliyofanya mimi chini ya mwembe. Na nje ya mlango wake yupo mtu anayengoja hati, cheti au mafao, anayeambiwa kila wiki kwamba suala lake linashughulikiwa.

Yule mwalimu alihitimu mwaka uliofuata. Nilihudhuria mahafali yake, nikamwomba radhi mbele ya mke wake. Alicheka, akasema, "Yamepita, Daktari." Kwake yamepita. Mimi ninapoandika "naendelea nayo" katika ujumbe wowote, huusimamisha mkono kwanza na kujiuliza swali la Mjomba.