Kabati la Palisanda

Katika nyumba yetu hapa Copenhagen limo kabati refu la kuwekea vyombo, ambalo kimo chake hakipiti kiuno cha mtu mzima. Tulilinunua kwa jirani yetu mzee alipohamia kwa binti yake, naye alituuzia pamoja na stakabadhi ya dukani ya mwaka 1963.

Aliyelibuni ni Arne Vodder, Mdenmark aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2009. Alikuwa mwanafunzi wa Finn Juhl, na mwaka 1951 akafungua ofisi pamoja na Anton Borg. Makabati yake mashuhuri yalitengenezwa katika karakana ya Sibast, na hili letu hujulikana kwa nambari tu, yaani 29. Halina bawaba za shaba wala vishikio. Ukingo wa droo umechongwa ili vidole vipate pa kushika, na milango yake huteleza. Waweza kuutoa mmoja ukaugeuza, upande huu ukawa mbao tupu na upande wa pili rangi. Sisi tuliokulia pwani tumezoea kumsifu fundi kwa wingi wa nakshi alizochonga mlangoni. Huyu hakuchonga hata ua moja. Aliiachia michirizi ya mbao iwe ndiyo nakshi.

Na mbao yenyewe, hakika, ni ya kustaajabisha! Ni palisanda ya Brazil, ya rangi ya kahawia iliyopitiwa na mistari myeusi. Waingereza huiita kwa jina la waridi kwa ajili ya harufu yake ipasuliwapo. Wataalamu huuita mti huo Dalbergia nigra, nao ni wa jamaa moja na mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon. Mafundi wa Denmark waliipasua nyembamba mno, wakaigandisha juu ya mbao za kawaida, hata gogo moja likatosha makabati mengi. Lakini misitu ya pwani ya Brazil ilikuwa ikifyekwa pia kwa mashamba, na mti ukawa adimu. Mwaka 1992 mkataba wa mataifa uitwao CITES ukapiga marufuku biashara yake, na mwaka 2017 jamaa yote ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, ikatiwa chini ya ulinzi wa vibali.

Basi alitujia mfanyabiashara mmoja akataja bei ambayo ingalitulipia kodi ya nyumba kwa miezi mingi. Sharti lake lilikuwa moja: kabati lisafirishwe ng'ambo bila cheti, na katika karatasi tuandike kuwa ni mbao ya mjozi.

"Nani atakayechungua?" akauliza.

Mke wangu akamjibu, "Marehemu baba yangu alikuwa karani wa forodha Mombasa. Yeye angalichungua."

Mgeni alipokwisha kuondoka, mwanangu akanikabili. "Baba, mti huu ulikatwa kabla hujazaliwa. Tukikataa fedha, je, utarudi msituni?"

Swali lake lilikuwa na nguvu, nami sikulidharau. Nilimwambia kuwa mti huu hautarudi, ila iko iliyosimama bado. Mbao ya zamani ikipita bandarini kwa jina la uongo, na iliyokatwa jana itapita kwa jina hilo hilo, na karani hatakuwa na njia ya kuzitenga. Cheti ndicho kinachozitenga. Hakukubali yote, alisema maskini hulipia daima miti iliyokatwa na matajiri, na hilo nalo sikuweza kulikanusha.

Tumepeleka maombi ya cheti serikalini pamoja na picha za kabati, alama ya karakana iliyo nyuma yake, na ile stakabadhi. Kikija, tutauza kwa jina lake la haki, kwa bei itakayopatikana. Kwa sasa binti yetu mdogo amegeuza milango miwili ikatazama kwa upande wa rangi, na mama yake huirudisha kila wageni wabishapo hodi.