Ukoga katika Sanduku la Samaki

Wengi wenu mmekwisha kuniuliza habari za lile sanduku la kioo lililoko ukumbini mwangu, na wengine mmecheka kidogo kuona mtu mzima akifuga samaki asiokusudia kuwala. Leo nitawaeleza asili yake, wala sitaficha kosa langu.

Marehemu Baba alikuwa mvuvi katika Ghuba ya Mwanza tangu ujana wake. Mwaka 2021 alipooza upande wa kuume, nami nikamchukua akae kwangu. Mtu aliyezoea kuona ziwa kila alfajiri, ukimlaza mbele ya ukuta mtupu, umemfunga gerezani. Basi nikanunua sanduku la kioo, urefu wake sentimita 90, upana 40, na kina 40, nikalitia maji kadiri ya lita 130. Rafiki mmoja akaniletea furu saba. Vijana wa leo hawawajui sana furu, kwa maana sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, aliongezeka mno katika miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Mmoja katika wale saba alikuwa dume mwenye mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na mapigo meusi; ni wa aina ile ambayo wataalamu waliipa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Baba alipomwona alitabasamu, mara ya kwanza tangu augue, akasema, "Huyu namjua."

Sanduku nililiweka karibu na dirisha ili jua liwaangazie samaki. Mchanga niliuosha hata ukawa mweupe kama unga. Jani hata moja sikutia, maana naliyahesabu majani kuwa ni takataka.

Hata zilipopita juma tatu, kioo kikaota ukoga, na juu ya mawe yakaota manyoya ya rangi ya majani mabichi. Huu ndio mwani wa maji matamu. Kisha maji yenyewe yakageuka yakawa kama mchuzi wa mlenda. Baba akawa akitazama sanduku asione kitu. Nalikwangua, nikamwaga maji, nikatia mengine. Siku ya nne ukoga umerudi. Nikakwangua tena, ukarudi tena. Ndipo nilipokumbuka ya kuwa mrututu huua ukoga. Neno hilo ni kweli. Lakini mrututu una shaba ndani yake, na shaba ni sumu kwa samaki, hasa katika maji yasiyo na chokaa nyingi. Tena ukoga unaokufa wote kwa mara moja huoza, na ule uozo hula hewa iliyomo majini. Mimi nalitia kwa kukisia, jioni, nikaenda kulala.

Asubuhi nalikuta furu watatu wanaelea, na waliosalia wamepandisha midomo juu wakitweta. Baba alikuwa macho. Naamini aliwatazama tangu alfajiri, naye hakuweza kuinuka wala sauti yake haikuwa na nguvu ya kutuita. Nilipokuwa nikichota yale maji kwa haraka ili nitie mengine, aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, umewaua kwa usafi."

Siku ile sikupata la kujibu. Baadaye, alipokwisha kutulia, akanisimulia ya kwamba zamani katika ghuba, mahali palipokuwa na majani mengi chini, maji yalikuwa maangavu hata mtu aliona nyavu zake. Nami niliyesoma shuleni nikaona aibu, nikaenda kutafuta vitabuni, nikakuta mzee amesema kweli.

Jambo lenyewe ni hili. Ukoga na majani makubwa hula chakula kimoja: nuru, hewa ya ukaa, naitrojeni, fosforasi, chuma na vinginevyo. Samaki hutoa amonia katika mashavu yake, na mavi yake pamoja na mabaki ya chakula huoza na kuongeza mbolea majini. Kila mkulima ajua ya kuwa shamba lililotiwa samadi, lisipopandwa kitu, halikai tupu, magugu huota. Sanduku langu lilikuwa shamba la namna hiyo. Nalikuwa nikipalilia kila siku, lakini mbegu sikupanda.

Habari hii si mpya. Mwaka 1849 huko London, mtu wa elimu ya kemia, jina lake Robert Warington, aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu katika chombo cha kioo pamoja na mmea uitwao Vallisneria, ambao majani yake ni marefu kama utepe. Majani makuukuu yalipooza na ukoga ukaanza kuenea, alitia konokono wachache, nao wakala vile vilivyooza na ule ukoga, maji yakatakata. Aliitangaza habari hiyo mwaka 1850. Nalitamani kumfuata katika jambo la konokono, lakini sisi tukaao kando ya ziwa twajua kichocho kinatoka wapi. Konokono wa kuokota ufukoni sikumtia sandukuni, wala sikumshauri mtu aingie majini kwa miguu mitupu kutafuta majani.

Sasa likaja jambo gumu kuliko yote. Vitabu vingi vyasema: usiwalishe samaki kupita kile wawezacho kumaliza kwa dakika chache. Na Baba, kwa mkono wake wa kushoto uliobaki mzima, alikuwa akitupa vipande vya ugali tangu asubuhi hata jioni. Samaki walikuwa wamekwisha kumzoea. Akiinua mkono tu, wote hukusanyika upande wake. Katika nyumba nzima hiyo ndiyo kazi iliyomsalia. Ule ugali ndio uliokuwa ukilisha ukoga, nami nalijua, na kila nilipotaka kumwambia, ulimi ulikuwa mzito.

Mke wangu ndiye aliyefumbua fumbo. Akasema, "Baba atie ugali wake, nawe tia majani mengi ya kuula." Nalicheka, kisha nikaona ya kuwa amenishinda.

Basi sanduku nikaliondoa dirishani, nikalitilia taa, iwake saa nane kwa siku na isizidi. Chini nikatandika udongo wa shamba usio na samadi mbichi, unene wa vidole viwili, nikaufunika kwa mchanga. Mtu mmoja mwenye mabwawa ya samaki alinipa mimea ya namna mbili. Wa kwanza ni ule ule Vallisneria. Nikaupanda kwa wingi tangu siku ya kwanza, nikiangalia nisifukie shina mahali majani yanapoanzia, kwa kuwa ukilifukia huoza. Wa pili ni gugu lisilo na mizizi, ambalo wataalamu huliita Ceratophyllum. Huelea tu, na chakula chake hukinywa majini kwa majani yake yaliyo kama mkia wa paka. Baba alilitambua mara moja, akalilaani kidogo, maana lilimsumbua sana katika nyavu zake.

Juma za kwanza msitazamie mengi. Ulitokea ukoga mwingine, wa rangi ya udongo, kama vumbi juu ya majani, nikashikwa na hofu; ukajiondokea wenyewe. Kioo nalikifuta kwa kitambaa. Nyuzi ndefu nalizizungusha juu ya kijiti kama mtu asokotaye uzi, nikazitoa. Kila juma naliondoa robo ya maji nikamwagilia mchicha, na maji mapya ya bomba nikayaacha wazi siku nzima ndipo niyatie, kwa ajili ya klorini. Lakini kazi kubwa ilifanywa na lile gugu. Liliongezeka upesi mno, hata kila Jumamosi nalitoa konzi mbili nikazitupa shimoni kwenye mboji. Hapo ndipo nilipoelewa: ugali wa Baba ulikuwa ukitoka sandukuni kwa umbo la majani.

Wako wanaobishana juu ya mambo haya. Mwaka 1996 Paul Sears na Kevin Conlin waliandika ya kwamba dawa ni kuipunguza fosforasi, mimea iimalize na ukoga ufe njaa. Wengine baadaye wakatia fosforasi kwa makusudi penye mimea yenye afya, na ukoga haukuja. Mimi naona pande zote mbili zakubaliana katika lile linalotuhusu sisi, ya kuwa mmea usipokua vizuri, ukoga hutawala.

Juma la sita mgongo mwekundu wa yule dume ukaonekana tena kutoka kitandani. Jambo hili si dogo kwa furu wenyewe. Mwaka 1997 wataalamu walieleza ya kwamba, mahali ambapo maji ya ziwa letu yamechafuka, majike hawatambui rangi za madume wao, na aina huchanganyikana. Sandukuni mwangu alisalia dume mmoja na majike watatu. Siku moja jike mmoja akakataa ugali. Nikadhani ni ugonjwa, nikataka kumtoa. Baba akanizuia: "Mwache. Amebeba watoto kinywani." Ikawa kweli, baada ya siku kadhaa tukaona vitoto vimejificha ndani ya lile gugu alilolilaani, naye akavihesabu mara tatu, kila mara akipata hesabu nyingine.

Baba alifariki mwaka 2023. Mjukuu wake ndiye alishaye sasa, kifuniko kimoja cha chupa asubuhi na kimoja jioni, nami Jumamosi hutoa majani.