Robo ya Nini?

Nyumba yangu iko Jangwani, upande ule ambapo ardhi huteremkia bonde la Msimbazi, na mtu akitoka kwangu kwa miguu hufika Kariakoo kabla jua halijamchosha. Kazi yangu ni kufundisha hesabu. Basi katika hesabu zote ninazozifundisha, mafumbo ya sehemu na asilimia ndiyo yaliyonitia aibu kuu, wala aibu hiyo haikunipata nilipokuwa mwanafunzi. Ilinipata nikiwa mwalimu mwenye hati, mtu wa kuamkiwa njiani. Nitawasimulia ninyi wanafunzi wa madarasa ya juu jinsi ilivyokuwa, wala sitaficha neno.

Mwaka 2018 palikuwa na mtoto mmoja katika darasa langu la sita, aliyelelewa na baba yake mdogo. Huyo baba mdogo kwa miaka mingi alikuwa muuza samaki, kisha akaacha samaki, akatafuta mahali kando ya njia moja karibu na soko kuu la Kariakoo (lile lililofunguliwa mwaka 1975, ambalo baadaye, Julai 2021, lilishikwa na moto), akaanza kuuza machungwa ya Muheza. Tangu siku za samaki alikuwa na desturi moja asiyoiacha. Kila jioni alihesabu fedha zote za mauzo, akatoa robo yake, akampa mkewe kwa ajili ya unga na mkaa. Robo tatu zilizobaki alizifunga kitambaani, akasema, "Hizi ni za mzigo." Asubuhi alikwenda nazo kununua mzigo mwingine kama ule wa jana, na siku zote zilitosha.

Mzigo wake wa kwanza wa machungwa ulikuwa machungwa 300, kila moja kwa shilingi 200, jumla shilingi 60,000. Siku ile ile akaletewa habari ya msiba Kisarawe. Akamwita mtoto, akamwambia, "Mwanangu, nakuachia mzigo huu. Faida yetu ni robo, usiuze chini ya hapo." Akaenda zake. Mtoto akapiga hesabu yake: robo ya 200 ni 50, basi kila chungwa nitaliuza shilingi 250. Akauza Ijumaa jioni baada ya masomo, na Jumamosi kutwa, na Jumapili. Hata la kuoza halikuwapo. Baba mdogo aliporudi alikabidhiwa shilingi 75,000, akafurahi sana.

Usiku akafuata desturi yake. Robo ya 75,000 ni 18,750, akampa mkewe. Asubuhi akafungua kitambaa ili anunue machungwa mengine 300, akakuta shilingi 56,250. Zilipungua 3,750. Akahesabu mara ya pili na ya tatu. Ndipo akasema moyoni mwake kwamba mtoto ameanza kula fedha.

Jioni ya Jumatatu alikuja kwangu, na mtoto yuko nyuma yake. Akanena, "Mwalimu, wewe ndiwe uliyemfundisha hesabu huyu. Nipigie hesabu hii, nisije nikamdhulumu." Tazameni, mtu huyu alikuja kwa haki. Nikatwaa karatasi, nikagawanya 75,000 kwa nne, nikatoa, nikalinganisha na 60,000. Nikamwambia, "Hesabu yako ni sahihi, ndugu yangu. Zimepungua shilingi 3,750."

Mtoto akasema, "Shikamoo Mwalimu. Mimi niliongeza robo kama nilivyoambiwa."

Nikamjibu, "Nyamaza, wakubwa wanasema."

Siku ya Jumanne alikuja darasani akaketi upande, kwa namna ambayo kila mtu aliyepata kuchapwa anaijua. Sikumwuliza kitu.

Usiku ule nilikuwa nikisahihisha madaftari. Fumbo nililokuwa nimewapa lilikuwa hili: Bei ya shati ni shilingi 10,000. Mwenye duka akaongeza asilimia 20, kisha akapunguza asilimia 20. Je, bei imerudi pale pale? Karibu darasa zima walikuwa wameandika, "Ndiyo, imerudi." Nami nikawa napiga mkwaju wa wino mwekundu juu ya kila "ndiyo", na pembeni naandika maneno yale yale: asilimia 20 ya 10,000 ni 2,000, bei ikawa 12,000, lakini asilimia 20 ya 12,000 ni 2,400, bei ikashuka mpaka 9,600. Niliandika hivyo mara kumi au zaidi, huku nikinung'unika kwamba watoto hawa hawasikii. Kisha nikafungua daftari la yule mtoto. Alikuwa ameandika, "Hapana. Zile 20 za kwanza ni za bei ya kwanza, na zile 20 za pili ni za bei nyingine."

Kalamu ilisimama mkononi mwangu. Kosa nililokuwa nikiwasahihishia watoto ndilo nililolifanya mimi jioni iliyotangulia, mbele ya mtoto aliyelijua.

Maana robo si kitu, mpaka iwe robo ya kitu fulani. Mtoto aliongeza robo ya bei ya kununulia, nayo ni 15,000 katika 60,000. Baba mdogo alitoa robo ya fedha za mauzo, nayo ni 18,750 katika 75,000. Neno ni moja, bali vitu vizima ni viwili, na hiyo 3,750 ni tofauti ya robo hizo mbili. Haikuwa mfukoni mwa mtu yeyote. Wala msidhani kwamba kosa hili ni la wauza machungwa peke yao. Mkitazama risiti ya dukani yenye kodi ya asilimia 18, na jumla ni shilingi 118,000, wengi watasema kodi ni asilimia 18 ya 118,000, yaani 21,240. Sivyo. Asilimia 18 ni ya bei kabla ya kodi, nayo ni 100,000. Kodi ni 18,000. Nimewaona watu wazima wakishindana juu ya jambo hili mpaka chai ikapoa.

Lugha yetu nayo yatuonya, kama tukisikiliza. Sarafu ya senti 50 wazee waliiita thumuni, na thumuni maana yake ni sehemu moja ya nane. Nusu ya shilingi yawezaje kuwa sehemu ya nane? Ni kwa sababu si ya nane ya shilingi. Ilikuwa ya nane ya sarafu nyingine kubwa ya zamani. Kile kizima kilisahauliwa, sehemu yake ikabaki na jina.

Sikulala vizuri. Alfajiri nilitoka, nikafika Kariakoo wakati makuli wanashusha magunia, nikamkuta baba mdogo akipanga machungwa mafungu mafungu, na mtoto akimsaidia kabla ya kwenda shule. Nikasema, "Ndugu yangu, nimekuja kuomba radhi. Mtoto hakuiba. Mimi ndiye niliyekosa hesabu."

Akanitazama kama mtu asiyesadiki. Nikaanza kumweleza habari ya vitu vizima viwili, nikaona macho yake yakienda mbali. Maneno yangu yalikuwa ya ubaoni, wala hayakumfaa. Ndipo mtoto akatwaa machungwa matano, akayapanga chini mstari mmoja. Akasema, "Baba, haya matano tulinunua kwa 1,000. Nikiuza manne kwa 250, ni 1,000. Fedha ya mzigo imerudi yote. Hili la tano ndilo faida." Akalisogeza kando.

Yule bwana akayatazama matano yale. Akahesabu kwa kidole, manne, kisha moja. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Mbona samaki hawakunifanyia hivi?" Nikamwuliza alikuwa akinunua kwa ngapi na kuuza kwa ngapi. Akasema fungu la 3,000 aliliuza 4,000. Basi hapo ilikuwa wazi: katika samaki aliongeza theluthi ya bei ya kununulia, na theluthi hiyo ikiingia katika mauzo yote huwa robo. Toa 1,000 katika 4,000, zabaki 3,000 za mzigo. Desturi yake ilikuwa njema kwa samaki.

"Na machungwa niyauzeje?" akauliza. Nikamwambia, akitaka kutoa robo ya mauzo, ile 60,000 haina budi kuwa robo tatu. Robo moja ni 20,000, na mauzo yote 80,000. Lakini hapo kila chungwa lingekuwa shilingi 266 na zaidi, na nani Kariakoo atalipa hivyo? Mzee mmoja muuza nazi, aliyekuwa akitusikiliza tangu mwanzo, akasema, "Bei iache, wewe badili fungu la nyumbani. Usitoe robo, toa humusi." Humusi ni sehemu moja ya tano, neno ambalo siku hizi vijana hawalijui. Mzee akaendelea kutuhesabia: theluthi, robo, humusi, sudusi, mpaka ushuri, ambayo ni moja ya kumi, akasema hata zaka yake ya fedha huitoa kwa kipimo cha robo ya ushuri. Mtoto akasema upesi, "Hiyo ni moja ya arobaini, asilimia mbili na nusu," na mzee akacheka, akampa kipande cha nazi.

Baba mdogo hakucheka. Alimshika mtoto begani, akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mwanangu." Mimi nami nikasema hivyo hivyo, tena nikaongeza kwamba nilimnyamazisha alipokuwa akisema kweli.

Mtoto aliinamisha kichwa, akaona daftari lake chini ya kwapa langu. Akaniuliza kama nimekwisha kulisahihisha. Nikamwambia, bado. Akaweka chini machungwa aliyokuwa nayo mikononi, akasimama pale akiningoja nitoe kalamu.